Wapigaji Hawajulikani

Kanda nambari mia mbili na kumi na mbili.
Sur, mwezi wa Machi, baada ya isha.
Lebo ni ya wino wa buluu uliochujuka:
"Lewa. Ngoma ya watumwa wa zamani.
Wapigaji hawajulikani."

Hawajulikani na nani?
Zumari ni Feruzi bin Marjani, babu yangu mzaa mama,
jina la kito, mwana wa jina la kito,
kwa kuwa waliomnunua baba yake walipenda johari.
Msondo ni Sangura, yule wa mguu mfupi.
Chapuo ni Salmini, mpaka rangi wa milango ya matajiri.
Na anayepiga debe la mafuta ya taa,
nyuma kabisa, akichelewa kidogo kila mara kwa makusudi,
ni Bi Zafarani.
Mwanamke. Lebo haikusikia hilo pia.

Nimevaa visikilizio. Ofisi ya kumbukumbu hapa Maskati
ina baridi ya kuhifadhia samaki.
Bosi ameniagiza nisafishe kelele:
mikwaruzo, vikohozi, maneno ya pembeni.
Ubaki muziki tu.

Dakika ya kumi na moja zumari linanyamaza.
Fundi wa redio amesahau kuzima mashine.
Namsikia babu akitema mate, akiguna,
kisha, kwa Kiswahili kilichochakaa visigino:
"Bwana huyu katuletea tende tena."
Sangura: "Mwambie."
"Mwambie wewe."
Halafu wote, juu ya pigo la debe,
kama mzaha, kama si mzaha:
Tulipeni kwanza. Tulipeni kwanza.
Tulipeni
kwanza.

Katalogi inasema: dakika ya kumi na moja,
maneno ya kupungia pepo. Hayana maana.

Hilo ningelimeza.
Lakini kuna kitabu, rafu ya tatu, jalada jeusi,
cha mshairi mmoja wa Manama aliyeazimwa kanda hii
akaisikiliza usiku kucha hotelini, na asubuhi akavunja bahari.
Hakutaka tena vina. Hakutaka mizani.
Akaiacha mishororo itembee peku,
mingine mirefu, mingine neno moja,
na katikati ya shairi, peke yake ukurasani:

tulibini kwanza tulibini
kwanza

Kiarabu hakina pe, kikatia be.
Wahakiki wa Beiruti wakasimama.
Mmoja akasema: sauti iliyotangulia lugha.
Mwingine: damu inayokumbuka msitu.
Walimu wamekula mkate wa mstari huo miaka arubaini.
Yeye, kwa kuvunja pigo, aliitwa wa kisasa.
Bi Zafarani, aliyelivunja kabla mshairi hajaota meno,
aliitwa turathi,
akavishwa sare ya wizara,
akapangwa nyuma ya farasi siku za sherehe.

Simchukii mshairi. Hilo lieleweke.
Alisikia, na wengine hata hawakusikia.
Ila alisikia kama mtu anavyosikia mvua,
na mvua haidai.

Nikampigia mama, Sur.
Nikamsomea mstari kama ulivyochapwa.
Akanyamaza. Nikadhani analia.
Kumbe alikuwa akitafuta pumzi ya kucheka:
"Miaka arubaini wanasoma deni la baba yangu
darasani, wanapigiana makofi!"
Kisha, kwa sauti nyingine:
"Na walilipwa?"

Sijui, mama. Stakabadhi haimo kwenye boksi.

Bosi amepita, ameuliza kama kelele imetoka.
Nimesema bado.
Nimefuta mikwaruzo, nimefuta mvumo wa feni.
Kikohozi cha babu nimekiacha.
Kwenye fomu, penye "Wapigaji", pana mstari mmoja mfupi,
wa kutosha neno lile lile.
Nimeandika majina manne. Yamepanda pambizoni,
yamekata kona, yameshuka upande wa pili
kichwa chini miguu juu,
na pale palipobaki, penye "Maana ya maneno",
nimeandika kwa Kiarabu safi, kwa irabu zake zote:
wanadai.